Kabichi Chachu ya Wodi ya Mifupa

Shangazi yangu alipika hospitalini miaka ishirini na saba. Wagonjwa walimwita Mama Mwiko, na hakuwa na simile na mtu aliyerudisha sahani imejaa.

Siku moja akalazwa bibi mgeni kutoka ng'ambo, aliyevunjika nyonga alipokuja kumtembelea mwanawe mhandisi. Hadi siku ya nne hakuwa ameonja kitu. Uji ulirudi, wali ulirudi, hata yai lilirudi. Muuguzi akasema huenda wakamlisha kwa mpira.

"Mpira wa nini, na meno anayo?" shangazi akasema. "Niachie mimi."

Saa ya kuona wagonjwa akambana mhandisi mlangoni. "Baba, kwenu mama akiumwa hula nini?"

"Supu ya kabichi iliyochachushwa. Lakini huku haipo, mama. Kabichi yenyewe hukaa kwenye chumvi siku kadhaa."

Shangazi hakuwa na siku kadhaa. Alipika kabichi na siki, akaipeleka mwenyewe. Bibi akaonja, akakunja uso, akasema maneno mengi.

"Anasema hii si supu, ni dawa ya kusafishia madirisha," mhandisi akatafsiri kwa aibu.

"Amekula vijiko vingapi?"

"Sita."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Jioni hiyohiyo alikatakata kabichi, akaitia chumvi, akaishindilia kwenye chupa pana. Siku zote za kungoja, bibi aliendelea kula ile ya siki, nadhani ili apate la kulalamikia.

Kabichi ilipochachuka, bibi alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi jikoni. Lugha hawakuelewana, ila shangazi alipochukua pilipili, bibi alimpiga kofi mkononi. Walipika asubuhi nzima. Bibi alipoonja, alifumba macho, kisha akamshika shangazi shavu kama anavyoshikwa mtoto.

Aliondoka wiki tano baadaye, akitembea kwa mkongojo.

Tangu hapo shangazi akaambukizwa. Kila mgeni aliyelazwa, shangazi alimuuliza kwao hula nini. Akajifunza uji wa mchele wenye tangawizi na samaki mkavu, mikate myembamba ya unga uliochacha, dengu za ndimu. Bwana stoo alilalamikia harufu. Shangazi akamfungia bakuli aende nalo kwake, na malalamiko yakaisha.

Majaribio yalifanyika nyumbani, na mengine yaliungua. Mumewe alikuwa akirudi kazini anavua viatu, ananusa kidogo, halafu anauliza, "Mke wangu, leo tuko nchi gani?"