Chuma cha ethi nimekikuta kwa nguruwe

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimepoteza ubao wa mninga wa mlango wa kanisa la kigango chetu.

Mashine yangu ya kuchonga, ile niliyoiunda mwenyewe hapa Mbinga, ilipoteza mawasiliano na kompyuta katikati ya kuchonga msalaba. Ikasimama. Ubao ukaharibika.

Nikampigia fundi kompyuta. Akacheka: "Kaka, kifaa cha kuunga-unga hicho, utamaliza mbao mpaka lini?"

Imeniuma, sikatai. Lakini mimi huandika kila kitu.

Wiki hii mawasiliano ya USB, waya unaounga mashine na kompyuta, yamekatika mara saba. Waya nimebadilisha mara mbili, hakuna nafuu. Nikafungua daftari: mara zote saba, feni ya kuvuta vumbi ilikuwa inawaka!

Nikajua umeme wa ziada wa feni unakosa pa kutokea, unaivuruga kompyuta. Nikafuata waya wa ethi, ule wa kuupeleka umeme huo ardhini, hadi nje ya karakana. Unaning'inia tu. Chuma chake hakimo ardhini.

Kiko kwa jirani yangu, shemeji Kondradi. Amekifanya kigingi cha kumfungia nguruwe.

"Sasa shemeji, si kilikuwa kimekaa tu pale, hakina kazi?" akajitetea.

Nimekirudisha ardhini, nikapamwagia maji, nikaunga waya. Ubao wa akiba umechongwa kwa muda wa saa mbili na nusu, feni ikiwaka, bila kukatika hata mara moja. Njooni muuone huo msalaba!

Ila mwanzoni nilifukia vyuma viwili.

Shemeji, najua unasoma hapa. Kesho nachonga upande wa pili wa mlango. Chuma cha pili kiko wapi? Nijibu moja kwa moja, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo.