Kiti cha Mama Kwenye Gari la Uani

Enzi zetu gari lilikuwa likitengenezwa nyumbani, tena kwa miaka, na hakuna aliyeona ajabu. Nasema na nyinyi mliokulia Ukunda miaka ya tisini ikiishia. Vijana wa leo taa ya gari ikizima tu washapiga simu kuomba msaada! Baba yangu alikuwa fundi wa magari kwenye hoteli moja ya Diani, na mzungu mmoja mzee alipohama alimwachia gari lake la spoti, kuukuu, la viti viwili, lisilo na paa. Kuku alikuwa ameshalalia mayai ndani yake. Majirani walilisukuma mpaka kwetu, karibu na Kona ya Musa, nami nimeshika usukani najiona malkia.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alilijengea banda la makuti uani, akalifungua lote, nati kwa nati, akazitia kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Ole wako uguse mkebe! Hata kamba tuliirukia mbali na banda. Jirani yetu wa bara, mpishi wa hotelini, kila akipita aliuliza, "Mzee, hii gari itatoka kweli?" Baba hujibu "Inshallah," akaendelea kupiga msasa.

Aliyekuwa akilisubiri hasa ni Mama. Kwao ni Bodo, na alikuwa na maradhi ya moyo. Safari za kubanana zilimmaliza, hata bibi alikuwa hamwoni binti yake ila kwa nadra. Baba akamwahidi kwamba safari ya kwanza ya gari lile ni wao wawili, kwenda Bodo. Kiti cha Mama alikishona mwenyewe kwa ngozi nyekundu, akakifunika plastiki kisiingie vumbi.

Nilipofika darasa la saba, injini iliwaka. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Ikabaki rangi, na hapo Baba akafanya kosa la mtu wa Mkwiro, kijiji cha wavuvi alikozaliwa. Kwao chombo kikimalizika hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, ili maji ya chumvi yasile mbao. Baba akaona chumvi ya upepo wa pwani ni ile ile, akalipaka gari zima sifa, akalifuta, kisha akapiga rangi. Lo! Paka wa mtaa wote walihamia kwetu. Wiki ya pili rangi ikaumuka kama mahamri, ikaanza kubanduka. Mama alicheka mpaka akashika kifua.

"Baba Zuhura, twende hivi hivi," alimwambia. "Mamangu haangalii rangi."

"La, mama Zuhura. Huingii kwenu na gari lenye mabaka. Ngoja kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa mwaka mzima wa kukwangua na kuanza upya. Na gari lilikuwa likienda! Kila Ijumaa Baba aliliwasha, Mama akilisikiliza kutoka barazani. Asubuhi moja, rangi ya mwisho haijakauka, Mama akafariki, Allah amrehemu. Tulimzika kwao Bodo. Alipelekwa na pikapu ya kuazima, na gari likabaki uani liking'ara.

Siku hizi wajukuu hulipiga picha, wakazituma duniani kote kabla hawajampa babu yao shikamoo. Nawacheka, lakini nao wana lao: wakitaka kwenda, wanakwenda. Sisi tulifunzwa kungoja kitu kitimie, na mpaka leo nikikumbuka tulivyongoja, roho inaniuma. Ile plastiki ingali juu ya kiti, imekuwa ya manjano.

Juzi Baba aliniomba nimpeleke Bodo akazuru kaburi. Nikamwambia anisubiri kidogo, gari langu lina matope, nilipitishe kwanza kuoshwa. Alinitazama, akachukua kofia na bakora yake, akatangulia mlangoni.

"Twende hivi hivi," akasema.