Ukungu Juu ya Mabawa

Mjini kwetu kila mtu ni mtaalamu wa ndege, hasa wasiowahi kupanda hata moja. Ukionekana mstari mweupe juu ya Kisangani, ule unaoachwa na ndege zinazopita mbali bila hata kujua kwamba tupo, mmoja atakuambia ni sumu, mwingine atakuambia Wazungu wanatuibia mvua. Mvua, hapa Tshopo kunakonyesha mwaka mzima! Mimi hufundisha fizikia shuleni Mangobo, na nilikuwa na kawaida ya kuwacheka kwa sauti, makusudi, wanisikie.

Bingwa wao alikuwa tonton, kaka mkubwa wa papa, baba yangu. Simu yake ilijaa video za mistari hiyo. Kwa bahati mbaya yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na kwetu hakuna anayeanza safari ndefu kabla mkubwa hajamshika mikono yote miwili na kumtakia njia njema, palepale pa kuondokea.

Mwaka juzi papa alikuwa anapoteza macho. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia, daktari wa Kinshasa alisema, lingeokoka likipasuliwa upesi. Mimi ndiye ningemsindikiza, kwa hiyo ukoo mzima ukamwagika uwanja wa ndege na vifurushi vya chikwangue, mikate yetu ya muhogo, utadhani tunahama nchi.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ndege yetu ilishuka katika hewa nzito, na juu ya mabawa yake ukatanda ukungu mweupe. Nyuma yake zikajisokota nyuzi mbili nyembamba, zikapotea. Nilikuwa nauchora ukungu ule ubaoni kila mwaka, sijapata kuuona kwa macho yangu. Ulikuwa mzuri sana.

"Moto!" tonton akapiga kelele. "Ndege iko naungua! Mutu asipande mule!"

Shangazi zangu wakaanza kulia, maiti bado hawajaiona. Papa, ambaye hakuona kitu ila mwangaza, akageuza kichwa huku na huku akinitafuta.

"Mutoto yangu, iko moto kweli?"

Ningemjibu yeye, yangekwisha. Badala yake nilimgeukia tonton.

"Bon, tonton, sikiliza. Ile haiko moto, iko maji. Hewa inapita mbio juu ya bawa, inatanuka, inapata baridi, alors maji inaonekana. Hata mutoto wa primaire anajua! Lakini wewe kichwa yako imejaa video tu. Muzee muzima, mujinga vile!"

Watu wakacheka, hata wasiotujua. Nilifurahi, sitaficha.

Tonton alifunga vifungo vya koti lake, akapita katikati yetu, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Hakuna aliyemzuia. Tulipoitwa kupanda, papa akanyoosha mikono yote miwili mbele, akangoja.

"Yaya iko wapi?"

Nikamwambia kaka yake ameondoka. Nikamwambia twende, ule ni ukungu tu, hauna hatari.

"Nimesikia, iko maji. Niliamini palepale." Akaishusha mikono. "Lakini yaya ameenda na haya juu yako. Siwezi panda."

Nilimbembeleza, kisha nikamfokea na yeye, mbele ya watu walewale. Nilimwambia anauza jicho lake kwa desturi ya kipumbavu. Ndege ikaondoka bila sisi.

Tonton alitaka niende kumwomba radhi kwanza. Nilikataa wiki tano nzima, kwa sababu nilikuwa na haki: ulikuwa ukungu! Nilipokwenda mwishowe nilipiga magoti kwa hasira, naye akanisamehe kwa maneno mawili, akamshika papa mikono siku iliyofuata.

Kinshasa, daktari alimulika jicho la kulia kwa muda mrefu, akazima taa. Alinivuta pembeni akanieleza taratibu, hatua kwa hatua, namna ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwamba tumechelewa.

"Amesema nini?" papa akauliza kutoka kitini.

Mimi, mwenye maelezo ya kila kitu, nilimwomba daktari aende akamwambie yeye.