Tulipoacha Kusimama kwa Ma Justa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata kidogo. Mkuu wa Kituo, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alinipa ndoo nioshe basi dogo ndani na nje, kisha akaniamuru nikae kiti cha nyuma kabisa. Akalizungusha mwenyewe kwenye yadi yetu ya Mkuyuni akilenga kila shimo. Nilijigonga kichwa darini mpaka nikaona nyota. Aliposimama akauliza kama sasa nimejua mgeni anasafiri vipi. Ndivyo nilivyoanza udereva-mwongozaji katika kampuni ya umma ya kutembeza wageni, na ninyi mnaopata vyeti haraka haraka siku hizi mnisamehe, sijaona chuo kinachofundisha hivyo.

Dereva-mwongozaji ni mtu mmoja mwenye kazi mbili na mshahara mmoja. Alfajiri unakagua gari: maji, oili, breki, tairi la akiba, jeki. Wageni wakipanda unawasoma, yaani unamtambua mapema atakayetapika, atakayebisha na atakayetaka kuachwa na mawazo yake. Mkuu wa Kituo alikuwa na msemo mmoja tu: "Mgeni analipa ili aone, wewe unalipwa ili uonyeshe. Mtu wa njiani halipwi ili atazamwe. Kwa hiyo yeye ndiye wa kusalimiwa kwanza." Dereva aliyepita kijijini bila kusalimia alioshwa kwa maneno mbele ya wenzake.

Safari iliyoombwa sana ilikuwa ya mpakani. Tulivuka kwa feri ya Kamanga, tukapita Sengerema na Geita, tukalala Bukoba tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kesho yake ndiyo siku yenyewe ya matembezi, Bukoba hadi Mutukula na kurudi. Wageni hawakuwa wengi miaka ile. Walikuwa walimu wa kujitolea, madaktari wa misheni, wajumbe wa mikutano, na wengine waliokuwa wakiendelea Masaka na Kampala, ambao tuliwaacha mpakani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kyaka, kwenye magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa vita na nduli, mtawala wa kule Kampala. Hapo unazima injini na unawaacha watazame kabla hujafungua mdomo. Kisha unawaonyesha mto Kagera kule chini, unawaeleza kwamba mpaka haufuati mto. Wazungu waliupiga kwa rula juu ya karatasi, ukaangukia mbele huko, kwenye nyasi tupu. Nduli akaja kudai kwamba mpaka ni mto. Watu wetu wa ng'ambo ya mto ndio walioilipia rula ile, wengine kwa nyumba, wengine kwa ng'ombe, wengine kwa watoto.

Kituo cha pili kilikuwa kwa Ma Justa, mjane wa Kihaya mwenye kibanja cha migomba kando ya barabara, mbele kidogo ya daraja la Kagera. Mkuu wa Kituo alikuwa amepatana naye awapikie wageni chakula cha mchana. Kabla ya kula alipitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima ya Wahaya, na kila mtu alichukua. Mimi alikuwa akinitania, ati Msukuma gani nisiyemaliza ndizi, nimezoea ugali wa kupigia watu. Halafu, sahani zikishatolewa, aliketi mbele ya wageni na kuwauliza swali lake, mmoja mmoja, nami nikitafsiri.

Askari wa nduli walipoingia walipora ng'ombe wake wote, wakamchukua na Deo, mwanawe wa pekee, aliyekuwa ametoka tu kumaliza darasa la saba, ili awaswagie ng'ombe hadi ng'ambo. Vita vikaisha, waliochukuliwa wengine wakarudi, Deo hakurudi. Ma Justa alikuwa na hoja yake: mtu anayehitaji mchungaji hamuui mchungaji. Kwa hiyo aliuliza kama kuna aliyemwona kijana mwenye kovu la uji wa moto kwenye mkono wa kushoto. Kila mwaka alimwongezea umri. Mwaka mmoja akaanza kuwaambia kwamba sasa atakuwa na ndevu.

Wageni wengi walidhani ni sehemu ya matembezi. Walipiga picha, wengine walilia. Yeye hakutaka machozi yao, alitaka jibu. Wachache waliokwenda Masaka waliulizia kweli sokoni na makanisani, wakatuma salamu kwamba hakuna anayemjua. Safari iliyofuata nilimpelekea habari hiyo, akanishukuru, maana kutojulikana si kufa.

Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Kila kitu cha umma kikawa mzigo, na kampuni yetu ikauzwa. Mkuu wa Kituo akastaafishwa, akaletwa Mkurugenzi Mtendaji, kijana anayenukia vizuri, ambaye siku moja alipanda nasi kukagua njia. Kwa Ma Justa alikataa kahawa kwa mkono, hivi, kama anafukuza nzi. Tulipoondoka aliniambia kwamba kuanzia safari ijayo wageni watakula hotelini Mutukula, penye vyoo vya kuvuta maji.

Nikamwambia, "Bosi, yule mama anamtafuta mtoto wake."

"Hadithi yake utaisimulia wewe ndani ya gari. Unaijua vizuri."

"Si hadithi. Anauliza."

"Sisi si redio ya matangazo ya vifo," akasema, akapandisha kioo.

Safari iliyofuata nilisimama kwa Ma Justa kama kawaida. Hoteli ikalalamika, nami nikaondolewa barabarani, nikawekwa yadini kugawa spana. Njia ile wakapewa madereva vijana. Niliwabembeleza angalau wasimame wamsalimie, wamweleze kwamba si yeye aliyekosa. Wakaniitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, halafu wapi! Saa ya chakula hotelini ilikuwa inawakimbiza. Baadaye likaja lile neno zuri la kupunguza wafanyakazi, tukapunguzwa tulio wengi kwa siku moja. Nilikuwa na hasira ambayo sijui hata leo niiweke wapi.

Nilipopata nafasi nilipanda basi la abiria kama mtu yeyote, nikaenda mwenyewe kumwona. Nilimkuta amenyoa nywele. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi jipya lililozungushiwa mawe. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangukia begani akilia. Nikampa pole, nikamuuliza ni nani aliyetutoka.

"Deo," akasema. "Kwani si ninyi mliojua kwanza?"

Sikuelewa. Akanikalisha, akanieleza polepole bila kunilaumu. Gari lilikuwa likisimama miaka yote, ghafla likaanza kupita mbio na dereva anatazama mbele. Alijua tunafika mpakani na kuongea na watu wa kule. Akafikiri kwamba watu waliokula kwake hawawezi kumpita hivi hivi, bila shaka wamepata habari mbaya na mdomo umekuwa mzito. Akangoja nije nimwambie. Nilipopotea hata mimi, akaita ukoo. Mwili haukuwepo, wakazika shina la mgomba badala yake, wakanyoa, wakamaliza matanga. Sehemu ya kibanja iliyokuwa ya Deo wakapewa watoto wa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe.

"Sikuwakasirikia," akasema. "Neno kama hilo ni gumu kulitamka. Sasa umekuja, niambie tu. Alifia wapi?"

Ningeweza kutaja mji wowote. Ningesema Masaka, akalala usingizi siku zote zilizobaki. Nililifikiria hilo. Lakini nilikuwa nimemtafsiria mama huyu miaka mingi bila kuongeza neno langu.

"Ma, hatukupata habari yoyote. Walihamisha chakula. Wageni sasa wanakula hotelini."

"Chakula?"

"Chakula, Ma."

Aligeuka akalitazama lile kaburi. Kisha akaingia ndani, nikadhani kaenda kulia. Akatoka na jembe, akanipa.

"Fukua wewe," akasema. "Mimi nikionekana nafukua watasema nina wazimu."

Nikavua shati nikafukua. Mgomba ulikuwa umekwisha oza, unanuka. Nilimtolea vipande kwa mikono, akavibeba kwenye ungo akavitupa shambani kuwa mbolea. Nikasawazisha udongo, nikayarudisha mawe kwenye ukingo wa shamba. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya katika uongozaji wangu, na hakuna aliyeniagiza isipokuwa yeye. Tulipokuwa tunanawa, gari la kampuni likapita na rangi yake mpya. Ma Justa akakimbilia barabarani na mikono yake bado ina tope, akainua mkono. Wageni wakampungia.

Sasa naishi Ilemela, nafuga kuku, na vijana wa kazi hii hunitembelea. Wananiuliza siri ya kudumu barabarani. Nawaambia juu ya breki na tairi, kwa sababu hayo wanayaandika. Nikianza kusema kwamba gari likishazoea kusimama kwa mtu huwezi kulipitisha tu bila kumwambia neno, naona wanatazama saa zao. Soko huria limewafundisha kwamba kituo ni mahali pa kuingiza fedha, basi. Mimi sina hamu ya kubishana nao tena.

Ma Justa alifariki miaka michache baadaye, bado anauliza wapita njia. Nilikwenda kuzika. Shemeji yake ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alibatizwa lini. Akafika mwisho akasoma kwamba marehemu hakuacha mtoto. Nikasimama nikasema anaye mmoja, Deo, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kifo chake. Watu wakageuka kunitazama. Shemeji hakugombana nami. Aliniambia tu kwa upole kwamba kibanja kimekwisha gawanywa, na akaniomba nikae.