Mbwa Walimchagua Mume Wangu, na Mimi Ndiye Niliyewadanganya

Admin, nifichie jina. Majina ya wengine nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, Mnubi wa hapa hapa Kampala. Wajukuu ndio walionifundisha kusoma ukurasa huu, na huwa nawasema sana wanawake wa humu kwa siri zao. Leo ni zamu yangu.

Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika chama cha kitaifa cha kutunza mbwa, kule Nakawa. Nyumbani walinicheka, Muislamu kufanya kazi kwa mbwa, lakini mimi niligusa karatasi tu. Wazungu na Wahindi walipoondoka nchini waliacha mbwa wao majumbani, na mabanda yetu yakafurika. Mkurugenzi mtendaji naye akaondoka. Tukaletewa Kapteni mmoja awe mwenyekiti wa kamati, na kazi yake ya kwanza ikawa kutafuta mkurugenzi mpya.

Ofisi nzima ilijua nani anastahili. Kizito alikuwa msimamizi wa mabanda kwa miaka kumi na miwili. Nyama ilipoadimika mjini aliwapikia mbwa posho, yaani ugali wa mahindi, akiwamegea hata ya kwake na kuwaita mmoja mmoja kwa jina. Barua yake ya maombi niliipiga chapa mimi, akanishukuru kwa kichane cha ndizi.

Mume wangu Rajabu naye aliomba. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa, na mbwa alikuwa akiwaogopa tangu utotoni. Lakini kazi ile ilikuwa na nyumba, na zaidi ya nyumba ilikuwa na barua yenye muhuri wa jeshi. Askari wa vizuizi vya barabarani wakiiona barua hiyo walikuacha upite. Kaka yake Rajabu alishushwa garini kwenye kizuizi miezi michache kabla, na hatukumwona tena. Ile barua niliitaka kuliko chakula.

Siku moja kabla ya usaili nilimpelekea Kapteni mafaili ya waombaji. Akayasukuma pembeni.

"Mimi hapana taka karatasi," akasema. "Kesho hii watu wote nasimama uwanja. Nafungulia mbwa. Ile mtu mbwa nafuata, huyo ndio bosi."

Wanakamati wakaitikia kwa vichwa. Nani angembishia?

Nilitoka kazini moja kwa moja hadi sokoni Nakivubo, nikahangaika mpaka nikapata kipande cha maini. Rajabu alipokwenda msikitini, nilizipindua pindo za suruali yake ya usaili nikazisugua kwa yale maini, nikaanika, nikapiga pasi. Asubuhi akaivaa bila kusikia harufu yoyote. Sikumwambia siku ile, na nimemzika bila kumwambia.

Wanaume watatu walisimama uwanjani. Mimi niliketi kando na daftari la kumbukumbu za kikao. Mbwa walipofunguliwa walianza kumwendea Kizito wakitikisa mikia, kisha pua zikawageuza. Wote wakamzunguka Rajabu, wakamlamba miguu, wengine wakalala mbele yake. Maskini alikuwa anatetemeka, lakini hakukimbia. Kizito akawaita kwa majina. Walikuwa na njaa, hakuna aliyegeuka.

Kapteni alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akaacha kucheka.

"Wewe iko hapa miaka kumi na mbili, mbwa hapana jua wewe?" akamuuliza Kizito. "Basi wewe ndio nakula chakula yao."

"Hapana, afande. Mimi nawapatia hata yangu."

Askari wawili wakamshika mikono. Akanitazama mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimwona kila siku akiwagawia. Nikainamisha kichwa nikaandika kwamba Rajabu amechaguliwa kwa kauli moja. Naona aibu hata kuliandika hili hapa.

Kizito aliachiliwa baada ya wiki tatu, sikio moja halisikii. Kazi hakurudishiwa. Rajabu aliifua ile suruali mara saba, moja kwa udongo kama dini inavyotaka, huku akiniambia, "Mama Zuhura, hawa viumbe wameona heri kwangu." Tangu hapo hakuwaogopa tena. Alikuwa mkurugenzi mzuri, sitamsingizia marehemu, na barua ile ilitulinda sisi na watoto wetu wanne.

Sasa chama kinatafuta tena mkurugenzi mtendaji. Wamenialika Alhamisi niketi na kamati, niwasimulie waombaji jinsi mbwa walivyomchagua mume wangu. Binti yangu ameshaninunulia gurbaba mpya, vazi letu la Kinubi, ya kuvaa siku hiyo, na anawaambia majirani wote.

Wiki iliyopita nilikwenda Kyebando kumjulia hali mgonjwa, nikamkuta Kizito, sasa mzee wa mkongojo, ameketi barazani kwa jirani. Alinikaribisha vizuri. Kwa kukosa la kusema nikamuuliza kama anafuga mbwa.

"Hapana, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa heshima ya Kiganda, bila kinyongo. "Tangu ile siku sijagusa mbwa. Mtu anaweza kukuonea, lakini mbwa haina siasa. Kama walinikataa, iko kitu mbaya walinusa ndani yangu. Naomba Mungu anionyeshe, nitubu kabla sijakufa." Akanigeuzia sikio lake zima. "Wewe ulikuwa pale, nyabo. Uliona nini mbaya kwangu?"

Nikamwambia sijui. Nikaaga nikaondoka.

Nikisema, watoto wangu watamwona baba yao kwa jicho lingine, naye hakukosa chochote. Nikinyamaza, mzee yule atakufa akitubia dhambi yangu mimi. Alhamisi gari la chama litakuja kunichukua mlangoni. Ndugu zangu, msinionee huruma, nielekezeni tu: nianze kwa watoto au kwa Kizito, na nikifika kwake niseme neno gani la kwanza?