Turubai la msiba lilivyofunika matanki yetu ya mwani, Mtoni

Salaam wakuu. Hiki kisa sijasimuliwa. Anayebisha aje Mtoni nimwonyeshe uwanja.

Mie na mwenzangu Gilbert tunafuga mwani mdogo, ule unaogeuza maji kuwa ya kijani. Ukikamuliwa unatoa mafuta ya kuendeshea injini.

Kazi yetu hasa ni modeli ya kompyuta: unaipa jua na joto la siku, inakwambia mwani utakua kiasi gani. Ikisema kweli kwenye matanki, ndipo unathubutu kuchimba bwawa kubwa.

Uwanja alitupa Mzee Nassor, mwenye duka la vitambaa hapo mbele. Kila asubuhi tukimpa shikamoo, yeye anauliza, "Wanangu wameamkaje?" Alimaanisha mwani, siyo sie.

Wafadhili wakapanga kuja Alhamisi. Modeli ikikosea, hakuna bwawa.

Jumatatu mzee akafariki ghafla.

Tulizika alasiri. Kurudi, turubai limefunika uwanja mzima, matanki chini yake. Kesho yake maji yameanza kupauka, huku grafu ya modeli inapanda.

Gilbert, mtu wa bara, akaninong'oneza, "Braza, si tuombe walikunje upande huu tu?"

"Ukamwambie nani? Mkewe mzee kakaa eda ndani, haonani na wanaume!"

Wakuu, nilitamani kuzikata kamba mwenyewe. Lakini turubai la msiba huligusi mpaka hitima ya kumaliza msiba isomwe, na hitima ilikuwa Alhamisi hiyohiyo.

Hapo ndipo nikashtuka. Modeli tulikuwa tunailisha jua la angani, wakati mwani unakula jua linalofika kwenye tanki! Nikachukua kipima mwanga, nikapima chini ya turubai, nikaiingizia. Grafu ikashuka. Tukasubiri, roho mkononi.

Alhamisi wageni wakakuta maji yamefifia na watu mikekani. Mama aliyewaongoza akavua viatu, akatoa pole, akachota maji akapima. Akatazama grafu. Akapima tena.

Namba zimelingana.

"Mwani unaokua juani nimeonyeshwa sana," akasema. "Bwawa kubwa litapata mawingu. Chimbeni."

Nilichojifunza: pima pale kitu kilipo, siyo pale unapotamani kiwe.

Nyie mliowahi kukwamishwa na jambo ambalo hata kulilalamikia ni aibu, mlitokaje? Karibuni.

NB: Ijumaa turubai likafunguliwa, jua likaingia. Nikajikuta nimesimama kwenye matanki, namsubiri mzee aulize.

Wameamka salama, mzee.