Bastola ya Kwenye Mkoba

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyoambiwa nimwage mkoba wangu mezani mbele ya Mzee Cheruiyot. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu picha ya bastola unayotaka kununua kwa leseni yako mpya, ile ndogo inayoenea kiganjani, nikanyamaza. Ukadhani imenipendeza.

Wakati huo nilikuwa bado kijana. Nilinunua mahindi kwa wakulima wa Rongai na kuyaleta Nakuru. Wenzangu wawili walikuwa wamevamiwa barabarani na mmoja hakurudi nyumbani, ndipo nikaomba leseni ya bastola. Nilihojiwa hadi nikachoka, nikapewa. Sasa kila mtu akawa fundi wa kunichagulia. Marehemu baba yako alisema mwanamke inamfaa ndogo, nyepesi, ya kuingia kwenye mkoba. Muuzaji naye akaitikia hivyohivyo. Nami niliipenda kwa sababu ilikuwa nzuri, inang'aa.

Mzee Cheruiyot alikuwa polisi mstaafu aliyetufundisha kulenga shabaha nje ya mji. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alipokasirika alizidi kuwa mpole, jambo lililotutisha zaidi. Aliniambia nije nikiwa na nguo za kazi, nitoke moja kwa moja kwenye magunia, na bastola iwe palepale ninapoiweka kila siku.

Nikaenda. Nilipofyatua, iliniruka mkononi kama jogoo asiyetaka kushikwa, risasi ikaenda inakojua yenyewe. Ya pili ikakwama. Nikavuta kile chuma cha juu kuikwamua, nikahangaika, mikono imejaa jasho na vumbi, na mpini ulikuwa mfupi hata kidole cha mwisho kikakosa pa kukaa. Mzee akaichukua, akatoa risasi zote, akaniambia nimwage mkoba.

Unaujua mkoba wa mnunuzi wa mahindi. Kwa kila mkulima tunachota kidogo, tunang'ata punje tuone kama imekauka, na zinazobaki tunazitupia humo. Basi zikamwagika punje, makapi, kitana, leso na nusu mandazi. Punje nyingine ilikuwa imenasa kwenye bastola yenyewe, kando ya kifyatulio. Mzee akaitoa kwa ncha ya kalamu. Kisha akawa anaangalia ile mandazi.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya mtoto wangu, kila siku namwekea ale jioni.

"Na ukifika nyumbani, nani humtolea?"

Mtoto huyo ni wewe, mwanangu. Nikifika mlangoni ulikimbilia mkoba kabla sijakaa, mkono wote ndani, unapapasa. Jioni iliyotangulia ulikuwa umefanya hivyo, na bastola ilikuwamo. Nikakaa chini palepale nikalia.

Mzee hakunibembeleza. "Mama, sikia," akasema. "Hiyo umechagua ya kubeba. Hujachagua ya kutumia, na hujachagua ya kukaa nyumba moja na mtoto."

Nikairudisha dukani. Nilichukua nyingine kubwa kidogo, isiyo na urembo wowote, nikaifyatua mara nyingi uwanjani kwa mikono ileile ya vumbi kabla ya kuiamini. Niliivaa kiunoni kwenye ala ngumu ya ngozi iliyofunika kifyatulio chote. Ilinichubua. Akina mama wa kanisani walipokuwa wakinikumbatia waliigusa, halafu wakanong'onezana huko nyuma. Niliwaacha wanong'one. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwelekezea mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu kuliko ninavyomshukuru kwa biashara.

Kwa hiyo usiniulize ni ya kampuni gani. Shika ile ambayo mkono wako wote unapata nafasi, ambayo chuma chake cha juu unaweza kukivuta hata ukiwa umechoka. Ijaribu kwa risasi zilezile utakazobeba, na ikikwama-kwama, iache hata kama ni nzuri namna gani. Ipe ala yake peke yake. Isiingie mfukoni na funguo, wala kwenye mkoba na kitu chochote. Ukifika nyumbani, ifungie kwenye kasha la chuma kwanza, ndipo uwabebe wanao. Na ukiona hayo huwezi kuyafanya kila siku, hata siku ya homa, hata siku ya hasira, rudisha leseni uajiri mlinzi. Sitakucheka, na atakayekucheka mlete kwangu.

Mungu akutangulie uendako na akurudishe salama. Akupe mkono mtulivu na moyo usio na haraka. Na siku ya kuitoa hiyo bastola isikufikie kamwe, mpaka uzeeke kama mimi.